Kisanduku Kinachojieleza: Tutengeneze Uso wa Kengele ya Bibi



Kundi la wakubwa limemaliza kuunganisha nyaya za kengele ya Bibi. Taa inawaka na kengele inalia. Hongereni sana! Lakini kwa nje bado ni kisanduku cha plastiki kisicho na neno hata moja. Aliyekitengeneza anajua kitufe kipi kinafanya nini. Mwingine yeyote itabidi abahatishe.

Leo tutakipa kisanduku hicho uso. Kwa Kiswahili uso ni sehemu ya mbele ya kichwa, lakini pia ni upande wa mbele wa kitu: uso wa saa, uso wa redio. Uso wa mtu unasema mengi kabla mdomo haujafunguka. Uso wa chombo nao unapaswa kufanya hivyo.

Mnajua kwamba siku za kazi mimi ni muuguzi. Wodini, dawa ikishavutwa ndani ya bomba la sindano, bomba linabandikwa lebo papo hapo: jina la dawa, kiasi, tarehe na saa. Bomba lisilo na lebo linatupwa, hata kama aliyelijaza anaapa kwamba anakumbuka kilichomo. Sababu ni nyepesi. Aliyejaza anaweza kuitwa upande mwingine, na atakayekuja baada yake hana njia ya kujua. Lebo inasema kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Hilo ndilo jambo la leo: saa nane za usiku Bibi akihitaji msaada wewe utakuwa umelala, na uso wa kisanduku ndio utakaosema badala yako.

Jambo moja kwa wazazi kabla hatujaendelea. Kisanduku hiki ni msaada wa nyumbani, si kifaa cha hospitali. Mzee aliyepewa kengele ya dharura na wahudumu wake aendelee kuitumia. Tena, kazi zetu zote ni za betri tu. Hatugusi umeme wa ukutani.

MANENO YA LEO

Uso: upande wa mbele wa kisanduku.
Lebo: maandishi mafupi yanayotaja kitu au kazi yake.
Kitufe: sehemu unayobonyeza. Kenya wengi husema unakifinya.
Swichi: kifaa cha kuwasha na kuzima.
Betri: wazee wengine huiita jiwe, kama mawe ya redio au ya tochi.
Rezista: kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme. Ipo ya kawaida na ipo ya kuzungusha.
Drili: mashine ya kutobolea. Mafundi wa zamani wa pwani walitumia keekee, iliyozungushwa kwa mkono.
Tupa: chuma chenye meno cha kusugulia na kupanulia tundu.
Msasa: karatasi yenye chenga za kulainishia.
Jiriwa: chombo cha kubana kitu kisicheze unapokifanyia kazi.

TUKUMBUKE KILICHOMO NDANI

Kisanduku chetu kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni taa ya usiku: betri ya volti 9, swichi, rezista ya ohm 470, rezista ya kuzungusha ya kilo-ohm 5, na taa ndogo nyeupe ya LED. Taa hiyo inachukua takriban volti 3, kwa hiyo zinabaki 6. Gawa 6 kwa 470, unapata ampea 0.013, yaani miliampea 13. Hicho ni kiasi salama kwa taa ya aina hiyo. Ukizungusha hadi mwisho wa upande wa pili, ohm zinakuwa 5,470 na mkondo unashuka hadi kama miliampea 1. Mwanga unakuwa hafifu, wa kutosha kuona miwani iko wapi.

Kazi ya pili ni kengele: betri yake peke yake, kitufe, na waya mrefu wa nyuzi mbili unaokwenda hadi kengele ndogo ya umeme katika chumba cha mzazi. Tumetumia betri mbili kwa makusudi. Bibi akisahau kuzima taa, betri ya taa itakwisha, lakini kengele italia vilevile.

Kwa hiyo kwenye uso kuna vitu vinne: taa, swichi, kitufe cha kuzungusha na kitufe cha kengele.

HATUA YA KWANZA: NANI ATASOMA?

Usianze na rangi wala mapambo. Anza na msomaji. Jiulize maswali matatu.

Anasoma lugha gani? Hapa Uingereza karibu kila kitu nyumbani kinazungumza Kiingereza: jiko, mashine ya kufulia, kidhibiti cha joto ukutani. Bibi aliyesoma Kiswahili maisha yake yote anageuka mgeni mbele ya jiko la mwanawe. Anamwita mjukuu hata kwa kupasha chai. Kisanduku chetu kitakuwa kitu kimoja ndani ya nyumba kinachozungumza naye moja kwa moja.

Anatumia Kiswahili cha wapi? Muulize mwenyewe. Hiki mkononi anakiitaje? Anasema kubonyeza au kufinya? Hata neno “bibi” lenyewe lina safari zake. Kwa familia za Tanzania ni mama wa mama au wa baba. Kenya wengi husema nyanya. Kwa wenzetu wengi wa Kongo, bibi ni mke. Kwa hiyo usinakili lebo ya mwenzako, andika ya mzee wako.

Anaona vipi, na anagusa vipi? Umri hupunguza mwanga unaoingia jichoni, na vidole hupoteza wepesi. Herufi ziwe kubwa na nyeusi juu ya nyeupe au manjano. Usitegemee rangi peke yake kueleza jambo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, kama mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na watu wa namna hiyo wako kila mahali. Kitufe chekundu ni sawa, lakini kiwe pia na neno.

HATUA YA PILI: KUCHAGUA MANENO

Hapa ndipo somo la Kiswahili lilipo, basi twende polepole.

Kanuni ya kwanza: taja matokeo, usitaje kazi ya kidole. Ukiandika BONYEZA juu ya kitufe, umemwambia Bibi jambo analolijua. Kitufe kazi yake ni kubonyezwa. Hujamwambia kitatokea nini. Andika KENGELE.

Kwa nini si ITA? Hata hilo linafaa, na ni fupi zaidi. Lakini “ita” ni amri, na baadhi ya wazee watauliza: nimwite nani? KENGELE ni jina la kitu. Halimwamuru mtu, na halina maana mbili. Darasani mmoja wenu alipendekeza NJOO, kwa sababu ndilo neno ambalo Bibi anataka kumwambia mama. Ni wazo zuri, lakini angalia: NJOO ni sauti ya Bibi, si sauti ya kisanduku. Akisoma NJOO huku amelala, anaweza kudhani yeye ndiye anayeitwa.

Kanuni ya pili: kinachoguswa kipewe jina au amri, kinachotazamwa kipewe hali. Linganisha:

WASHA: unaambiwa ufanye.
IMEWAKA: unaambiwa ilivyo sasa.

Ukiandika WASHA pembeni ya taa, msomaji hajui kama taa inataka kuwashwa au tayari inawaka. Kiambishi -me- ndicho kinachotofautisha. Kama siku moja utatengeneza taa ya kuonya, iandikie BETRI IMEISHA, si MALIZA BETRI! Taa yetu ya usiku haihitaji lebo yoyote. Ikiwaka kila mtu anaona.

Kanuni ya tatu: amri fupi kwenye swichi si utovu wa adabu. Milango mingi ya ofisi kwetu imeandikwa VUTA na SUKUMA, na wazee hupita bila kukasirika. Lakini ukimwambia Bibi kwa mdomo wako, amri tupu haifai. Unasema “Bibi, naomba uwashe taa.” Lebo inaruhusiwa kusema WASHA. Mjukuu haruhusiwi.

Kanuni ya nne: sifa ifuate jina lake. Juu ya kitufe cha kuzungusha tutaandika MWANGA. Pembeni yake, kushoto na kulia, tutaandika sifa. Mwanga mdogo, mwanga mkali. Kwa hiyo lebo zitakuwa MDOGO na MKALI. Kama kitufe kingekuwa cha SAUTI, tungeandika NDOGO na KUBWA. Kama kingekuwa cha JOTO, DOGO na KALI. Neno moja la juu linabadilisha maneno yote ya chini.

Kanuni ya tano: ukilazimika kukata neno, kata kwenye silabi. Silabi nyingi za Kiswahili zinaishia na irabu: KE-NGE-LE, MWA-NGA, ZI-MA. Usikate KEN-GELE. Afadhali upunguze ukubwa wa herufi kidogo neno likae zima.

Nimesema “zima”. Tazameni familia ya neno hilo:

Bibi anazima taa.
Taa inazimwa na Bibi.
Taa imezimika yenyewe, betri imekwisha.
Mgonjwa amezimia, yaani amepoteza fahamu.

Na “mzima” je, kama tunavyoulizana “u mzima?” Huyo ni mwenye afya, kinyume kabisa cha aliyezimia. Muulize Bibi atakuchekesha na mifano mingine.

HATUA YA TATU: KUCHORA

Uso wetu una upana wa milimita 140 na kimo cha milimita 80. Chukua karatasi ya miraba, chora mstatili huo kwa ukubwa wake halisi, na uhesabu kutoka kona ya chini kushoto:

Swichi: milimita 22 kwenda kulia, 30 kwenda juu.
Kitufe cha kuzungusha: 62 kulia, 30 juu.
Kitufe cha kengele: 112 kulia, 30 juu.
Taa: 62 kulia, 70 juu.

Kumbuka kwamba vifaa vina tumbo nyuma ya uso. Rezista ya kuzungusha ina shina jembamba mbele, lakini nyuma ni duara pana. Weka vifaa vyote kifudifudi juu ya mchoro uone kama vinagusana, na uache nafasi ya betri.

Sasa lebo. Jina kubwa likae juu ya kifaa, si chini. Mkono unatokea chini, nao utafunika kilichoandikwa huko. Jina TAA liwe juu ya swichi, MWANGA juu ya kitufe cha kuzungusha, KENGELE juu ya kitufe chake, yote matatu kwenye mstari mmoja, milimita 54 kutoka chini.

Ukubwa wa herufi una kanuni nyepesi: gawa umbali wa kusomea kwa 200. Bibi akiwa sentimita 70 kutoka kisanduku, hizo ni milimita 700, kwa hiyo kimo cha herufi kisipungue milimita 3.5. Kwa mzee tunaongeza hadi 6. Kwenye kompyuta, herufi kubwa za pointi 24 zinakaribia milimita 6. Tumia pointi 24 kwa majina matatu na pointi 16 kwa WASHA, ZIMA, MDOGO na MKALI. Chagua mwandiko mnyoofu usio na mikia.

Kitufe cha kuzungusha hakizunguki duara zima. Vingi vinakwenda digrii 270 hadi 300 tu. Fikiria uso wa saa: mwanzo ni pale penye tarakimu 7, mwisho ni pale penye tarakimu 5, kupitia 12. Nasema tarakimu iliyoandikwa, jamani! Kwa Kiswahili mshale ukiwa kwenye 7 tunasoma saa moja. Andika MDOGO kwenye 7 na MKALI kwenye 5, kwa kuwa watu wamezoea kuzungusha kulia ili kitu kiongezeke.

Na swichi, WASHA iwe juu au chini? Hapa Uingereza, kama Tanzania na Kenya, swichi ya ukutani ikishushwa taa inawaka. Marekani ni kinyume: ikipandishwa ndiyo inawaka. Bibi aliyezoea swichi za Tanga au Mombasa atashusha bila kufikiri. Kwa hiyo sisi tunaweka ZIMA juu na WASHA chini. Wasomaji wetu wa Marekani wamuulize Bibi amezoea ipi.

Mwisho, chora fremu mbili. Moja izunguke taa, swichi na kitufe cha kuzungusha. Nyingine izunguke kengele peke yake. Fremu hizi si urembo. Bila hizo, Bibi anaweza kudhani kwamba ni lazima awashe swichi kwanza ndipo kengele ilie, naye akahangaika gizani na kitu kisichohusika. Fremu inasema: hivi ni vya pamoja, na hiki kinajitegemea.

HATUA YA NNE: KUCHAPA

Hamisha mchoro kwenye programu yoyote ya kuchorea inayokubali vipimo vya milimita. Pembeni ya mchoro ongeza mstari wa milimita 100 kamili. Unapochapa, chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Usikubali printa ipunguze ili karatasi itoshe. Kisha pima ule mstari kwa rula. Ukiwa 97, matundu yote yatakwenda kombo, na herufi nzuri hazitakuokoa.

Chapa nakala mbili. Moja ni ya kutobolea, nyingine ni ya kubandika.

Nyumba isiyo na printa isikate tamaa. Miaka ya 1960 na 1970 mafundi wa nyumbani walitumia Letraset, herufi za kusugua kutoka karatasi maalumu, au utepe wa Dymo unaopigwa herufi zikatokeza. Letraset zilipangwa kwa lugha za Ulaya, zikiwa na E nyingi. Kiswahili kingemaliza A mapema sana. Utepe wa Dymo bado unauzwa, na una faida kwamba herufi zake zinashikika kwa kidole. Kalamu nyeusi isiyofutika na mwandiko wa kutulia pia vinatosha.

HATUA YA TANO: KUTOBOA (mzazi awepo)

Bandika nakala ya kwanza juu ya uso kwa utepe wa karatasi. Vaa miwani ya kinga, funga nywele, kunja mikono ya nguo. Weka ubao chini ya plastiki na ubane vyote kwa jiriwa. Usishike kwa mkono.

Kwenye kila kitovu bonyeza ncha ya msumari kupata kishimo kidogo, ili drili isiteleze. Toboa kwanza tundu la milimita 2 au 3, kisha panua hatua kwa hatua. Taa ya LED ya kawaida inataka milimita 5, swichi ndogo 6, rezista ya kuzungusha 7, na kitufe chetu cha kengele 16. Pima vifaa vyako mwenyewe kwanza, kwa maana hutofautiana. Kwa tundu la 16, toboa hadi 10 kisha malizia kwa tupa ya duara, ukijaribisha mara kwa mara. Drili iende polepole. Ikikimbia, plastiki inayeyuka.

Rezista nyingi za kuzungusha zina kijino kidogo pembeni ya shina. Kitobolee tundu lake dogo, la sivyo kifaa hakitakaa sawa.

Ondoa karatasi, lainisha kingo kwa msasa, futa vumbi na mafuta ya vidole.

HATUA YA SITA: KUBANDIKA

Acha wino ukauke kabisa. Funika nakala ya pili kwa nailoni angavu yenye gundi, ile tunayojalidia madaftari. Anzia upande mmoja na usukume kwa ukingo wa rula ili hewa itoke. Usiruke hatua hii. Kisanduku cha pembeni ya kitanda kitamwagikiwa chai na kufutwa kwa vitambaa vyenye spiriti, na wino usiofunikwa utafutika.

Kata mstatili ukiwa mdogo kuliko uso kwa milimita 1 kila upande, na uviringe kona kidogo. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Weka selotepu yenye gundi pande mbili nyuma yote, usiache mapengo. Linganisha na uso dhidi ya mwanga wa dirisha kabla ya kushusha. Gundi ikishashika haisamehi.

Kata matundu ya karatasi kwa kisu chenye ncha kali. Hiyo ni kazi ya mkubwa. Kingo zisipokuwa nadhifu usihuzunike, nati na washa za vifaa zitazificha. (Washa hii ni kile kipete cha chuma, si kitenzi chetu!) Unapokaza nati, shika kifaa kwa nyuma kisizunguke, la sivyo karatasi itajikunja.

Jaribu kabla ya kufunga. Swichi ikiwasha upande wa ZIMA, usibadilishe lebo, igeuze swichi yenyewe. Mwanga ukipungua badala ya kuongezeka, hamisha waya kutoka mguu mmoja wa pembeni wa rezista ya kuzungusha kwenda mguu wa pembeni wa pili.

Usiku hakuna anayesoma. Kwa hiyo zungusha pete ya uzi mnene kuzunguka kitufe cha kengele na uibandike kwa gundi, ili kidole kiipate gizani. Ni kama kile kinundu kilicho kwenye tarakimu 5 ya simu za vitufe.

Nyuma ya kisanduku bandika lebo ya pili, ndogo: BETRI MBILI, VOLTI 9. Ndani, kila betri iandikwe kazi yake na tarehe iliyowekwa. Kisha jina lako na mwaka. Fundi hasaini mbele, husaini nyuma.

HATUA YA SABA: JARIBIO LA KUNYAMAZA

Hili ndilo gumu kuliko yote. Mpelekee Bibi kisanduku, mpe maombi mawili, kisha ufunge mdomo. Fanyeni mazoezi ya mazungumzo haya wawili wawili:

— Shikamoo, Bibi.
— Marahaba, mume wangu. Umeshindaje?
— Nimeshinda salama. Bibi, nimekutengenezea kitu. Naomba unisaidie kukijaribu.
— Mimi na mitambo yenu! Haya, lete nikione.
— Naomba uwashe taa, Bibi.
(Nyamaza. Hesabu hadi ishirini moyoni.)
— Ahaa. Hii hapa. Imewaka.
— Asante, Bibi. Sasa, ungekuwa unamtaka mama usiku, ungefanyaje?
(Nyamaza tena. Usioneshe kwa kidole wala kwa macho.)

Watoto waliozaliwa huku wasishangae kuitwa “mume wangu” au “mke mwenzangu”. Ni utani wa bibi na wajukuu, na ni dalili ya mapenzi.

Tazama kidole chake. Kikienda moja kwa moja, umefaulu. Kikisitasita, andika mahali kiliposita. Kikienda pasipo, usiseme “Hapana, Bibi, siyo hapo.” Mwambie “Asante, nimeona pa kurekebisha.” Tatizo liko kwenye uso wa kisanduku, haliko kwa Bibi. Badilisha neno au fremu, chapa upya, bandika upya. Karatasi ni rahisi kuliko mzee kukosa mtu usiku.

MAZOEZI

1. Hesabu herufi A na E katika lebo zote za mbele: TAA, WASHA, ZIMA, MWANGA, MDOGO, MKALI, KENGELE.

2. Weka sifa sahihi za -dogo na -kubwa:
a) KIPIMO: ______ / ______
b) SAUTI: ______ / ______
c) MOTO: ______ / ______

3. Ipi inafaa kwenye taa ya kuonesha kwamba mlango haujafungwa: FUNGUA, au MLANGO UKO WAZI? Eleza kwa nini.

4. Gawa kwa silabi: SWICHI, BETRI, ONGEZA, PUNGUZA.

5. Kazi ya nyumbani: chagua kifaa kimoja jikoni. Muulize mzee wako kila kitufe angekiita nini, kwa maneno yake mwenyewe. Andika lebo zake, zibandike kwa ruhusa ya wazazi, na uje utuambie Jumamosi ni neno gani hukulitarajia.

Majibu: 1) A ni 8, E ni 3. 2) a) kidogo / kikubwa, b) ndogo / kubwa, c) mdogo / mkubwa. 3) MLANGO UKO WAZI, kwa kuwa taa hutazamwa, na FUNGUA ingemfanya mtu afungue. 4) Swi-chi, be-tri, o-nge-za, pu-ngu-za.

KWA WAZAZI

Wengi wenu mnaniuliza jinsi ya kuwafanya watoto wazungumze Kiswahili nyumbani. Mtoto huzungumza lugha anayoihitaji kwa kazi. Katika somo hili hawezi kuandika lebo bila kumuuliza Bibi, na hawezi kumjaribisha Bibi bila kumwomba kwa heshima. Kisha neno alilolichagua linabaki ukutani au pembeni ya kitanda, linafanya kazi kila usiku. Kama mzee wenu yuko Zanzibar au Kisumu na hamko naye, mpigieni simu muulize maneno, na mtengenezee mjomba, jirani, au mzee yeyote wa jumuiya yetu anayeishi peke yake.

Wiki ijayo leteni rula, kalamu nyeusi na orodha ya maneno ya wazee wenu. Vifaa vya kutobolea vitakuwapo shuleni, na tunahitaji wazazi wawili wa kusimamia drili. Tafadhali andikeni majina yenu kwenye karatasi iliyo mlangoni.

Mwalimu wenu wa Jumamosi